Mtafsiri wa Kijapani

Juzi niliona kwenye simu filamu ya Kijapani ya mjane anayepiga pasi mashati ya marehemu mumewe. Niliikumbuka mara moja. Niliiona alasiri moja nikiwa mtoto, kwenye kibanda cha video Mashimoni, kilichonuka jasho na mafuta ya taa.

Aliyetutafsiria alikuwa jamaa wa maikrofoni tuliyemwita Ticha. Niliamini anajua Kijapani. Hakujua hata neno moja, bure kabisa, wala hakuwa na haya.

"Huyu mama amemwekea mzee sumu!" alibweka. "Sasa anaficha shati lenye damu!"

Tulipiga makofi. Kando yangu mama yangu, aliyekuwa amemzika baba majuzi tu, alikuwa analia.

"Ticha, hebu nyamaza," alisema. "Huyo anaomboleza."

"Mathe, kwani wewe ni Mjapani?" Ticha alimjibu kwa maikrofoni, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mama aliinuka, akatoka. Nilimwonea aibu kwa kutoelewa sinema, nikabaki kwenye benchi nikimsikiliza yule mwongo mpaka mwisho.