Jino la Shaba

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa karani wa kupiga chapa kwa miaka ishirini na sita. Siku moja taipureta yake ilianza kuruka herufi, fundi wa ofisi akawa haji, basi akaifungua mwenyewe kwa kisu cha kumenyea machungwa. Hapo ndipo alipojijua kuwa ni fundi. Tangu astaafu, kibaraza chake kimejaa pasi, feni na saa za watu, na mtaa mzima unamwita Bi Koleo. Mimi nilikuwa namtania.

"Wifi, wenzako wakistaafu wanapumzika. Wewe umefungua jalala?"

"Cheka tu. Siku yako iko njiani."

Kweli ikafika. Nilikuwa na sare arobaini na tano za kushona, na shule zinafunguliwa wiki inayofuata, cherehani ikaanza kuruka mishono. Ni cherehani ya marehemu mama yangu, naye aliinunua mkononi mwa mtu. Mafundi wawili waliifungua, wote wakatikisa kichwa: gurudumu moja la ndani limevunjika jino, na spea zake hazitengenezwi tena. Nunua nyingine, mama. Nikaibeba hadi kwa wifi, mdomo nimeufunga.

Hakunisimanga. "Iweke hapa," akasema. "Taratibu, si gunia la mkaa hilo."

Akalitoa gurudumu, pana kama kifuniko cha soda, akalibana kwenye jiriwa. Palipokuwa na jino akachimba mfereji mwembamba kwa tupa. Akachukua ufunguo wa shaba wa kufuli lililokufa zamani, akakata kipande, akakipachika mferejini, akakitia lehemu, kisha akaanza kukichonga. Kufikia alasiri lilikuwa jino. Nikapiga vigelegele.

"Ngoja kwanza," akasema. Alikuwa anasugua kwa mswaki na mafuta ya taa gurudumu la pili, lile linaloumana na la kwanza. Ghafla mkono ukasimama.

"Wifi, hebu njoo."

Sikuona kitu. Akanipa lenzi yake. Chini ya grisi ya miaka na miaka, katikati ya meno ya chuma, jino moja lilikuwa la njano.

Shaba. Kuna mtu aliyetutangulia.

Mama alishonea cherehani hiyo miaka thelathini na moja, na gurudumu hilo halikuwahi kufunguliwa, ningejua. Basi mtu huyo alifanya kazi yake kabla mama hajaipata. Sare yangu ya kwanza ya shule ilipita kwenye jino lile. Gauni langu la harusi pia, na nguo za watoto wangu wote.

Wifi alipitisha ukucha kwenye kiungo, akaupeleka na kuurudisha. "Haushiki popote," akanong'ona. "Huyu mtu alikuwa na mkono wa namna gani?"

Akalitazama jino alilolichonga yeye. Kisha akawasha moto, akayeyusha lehemu, akaling'oa.

"Wifi! Si lilikuwa zima?"

"Lilikuwa linatosha. Lakini litaumana na hili kila siku. Nitaona haya."

"Umwonee haya nani?"

Akanionyesha lile gurudumu la pili kwa kidevu.

Alianza upya, siku mbili nyingine. Alipaka jino masizi ya mshumaa, akazungusha magurudumu polepole, akatazama weusi umefutika wapi, akapunguza hapo, akapaka tena. Mara ngapi, sijui. Mimi niliyeingia na haraka zangu za sare nikajikuta nimekaa kama niko kwenye ibada.

Alipovirudisha vyote ndani, nikakanyaga pedali. Ilishona kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata enzi za mama, laini kama mtu anayepumua usingizini. Machozi yakanitoka, nikausingizia moshi wa lehemu. Sare nilizimaliza Jumapili, saa chache kabla ya shule kufunguliwa.

Siku ile ya kuijaribu, kabla hajafunga kifuniko, nilimwambia, "Wifi, si uchonge jina lako humo ndani? Siku moja watu wakifungua wajue."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Yeye aliandika lake?"

Akakaza skrubu zote nne, akaenda kunawa mikono.