Ua wa Mikunazi Jangwani

Alhamisi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Walthamstow, mashariki ya London: yule bibi wa Kizanzibari aliyekuwa akipanga bustani za miji ya jangwani ametutoka. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamjua, maana nimeshamtania hapa mara kadhaa bila kumtaja jina, na leo pia silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakupenda. Nimelia, ndiyo. Lakini kinachonijaa kifuani zaidi ni fahari.

Alikuja London na wazazi wake baada ya Mapinduzi, angali msichana, akasomea kazi ya kupanga mandhari, akaajiriwa na ofisi moja hapa mjini. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Siku ya kwanza kunitembelea alisimama nje akilitazama pipa langu la taka. "Shoga, hili jaa mbona linapokea wageni kabla yako? Kwenu hakuna uani?" Nikamwambia nyumba za huku mapipa hukaa mbele, ndivyo kansili, halmashauri ya mtaa, inavyotaka. "Na kansili imekukataza kulisitiri?" Jumamosi iliyofuata alikuja na fito na misumari, akalizungushia pipa kijiua, akapanda na mmea wa kutambaa juu yake. Majirani wawili wakaiga.

Huko kusitiri ndiko kulikompa jina kazini. Ofisi yao ilipewa kupanga mji mpya huko Ghuba, katikati ya mchanga, naye akakabidhiwa kuandika kanuni za bustani na za kuficha yasiyopendeza macho: matangi ya maji, mitambo ya hewa baridi, majaa. Wenye mradi walitaka kuta nzito za zege, na mbele yake nyasi za kijani kama za viwanja vya mpira vya Uingereza. Akakataa. Alikulia nyumba yenye ua wa makuti, akajua kwamba ua unaopitisha upepo huupunguza kasi, ilhali ukuta mzima huuzuia ghafla, nao ukaubwaga mchanga wote mahali pamoja. Akaandika: uzio wa fito zenye nafasi, na nyuma yake safu ya mikunazi, mti unaovumilia kiu; nyasi za kumwagiwa maji kila siku, marufuku. Mkubwa wake akamwambia waziwazi kwamba wenye mradi wakikasirika, kazi hana. Na wakati huo mumewe alikuwa mgonjwa, nyumba nzima ikimtegemea yeye.

Kikaoni na wenye mradi, alivyonisimulia, hakubishana sana. Aliomba wajenge vipande viwili, ukuta wao na ua wake, waviache msimu mmoja wa upepo. "Mie n'kawambia, n'kishindwa naondoka mwenyewe, wala msihangaike kunifukuza. Lakini shoga, chini ya meza vidole vilikuwa vinahesabu kodi ya nyumba!" Msimu ulipokwisha, mchanga ulikuwa umepanda hadi nusu ya ukuta wao na kuliziba lango la tangi. Kwenye ua wake ulitandaa chini tu, mafundi wakiingia na kutoka. Kanuni zikapita kama alivyoziandika.

Tuliolowea huku tuna tabia moja inayoniudhi. Pilau na kanga tunavitoa hadharani kwa mbwembwe, ila tukifika kazini tunajifanya tulizaliwa siku tulipopata shahada. Yeye aliipata shahada yao, akaitumia vizuri, na ua wa makuti wa kwao akauingiza katika kanuni za mji wa watu.

Jana tulimwosha. Maji ya maiti kwetu hutiwa majani ya mkunazi, na huku tunanunua unga wake dukani. Nilikuwa nimeshaifungua pakiti pale binti yake aliponishika mkono. Binti huyu kazaliwa hapa, na siku zote alimjibu mama yake kwa Kiingereza. Mwaka jana alikwenda kuuona mji ule, na mama akamwagiza majani makavu ya mkunazi; sote tulidhani ni ya kuoshea nywele. Akanipa mfuko wa kitambaa. "Haya ya ua wake mwenyewe," akasema, kwa Kiswahili. Tukayaponda, tukayatia majini, yakatoa povu.

Basi ulichokulia nacho uani kwenu usikiache mlangoni pa ofisi. Ingia nacho, ukisimamie hata vidole vikihesabu kodi chini ya meza. Yeye aliusimamia ua wake, na siku ya mwisho ukamsitiri.