Flash ya Komeo

Kompyuta ya marehemu shemeji ilifungua flash yenyewe, mchana kweupe, mimi na dada tunaiangalia.

Cheka tu. Mimi sikucheka.

Shemeji alikuwa na steshenari, mimi nikimsaidia. Tulimwita Komeo. Kompyuta ya dukani aliiwekea Linux badala ya Windows na akaibana kwelikweli: mteja akileta flash, haifunguki mpaka Komeo mwenyewe aje aandike neno lake la siri.

"Flash za watu zina mambo," alikuwa akisema.

Asubuhi aliyokwenda kulazwa, alimkabidhi dada flash, dada akaitia mkobani. "Hii utaisikiliza kesho, hapa dukani."

Jioni ile kauli ikamkatika, hawezi tena kusema. Akawa anamtazama dada tu, kisha mkoba wa dada, kisha dada tena. Kesho yake dada aliichomeka flash dukani, ikakataa. Wiki haikuisha, akatutoka. Neno la siri akaenda nalo.

Fundi wa jirani aliichomeka ile flash kwenye kompyuta yake isiyo ya Linux, ikataka kuifomati, yaani kuifuta yote. Dada akamnyang'anya. Sauti ya mumewe ilikuwa humo, na hana nyingine.

Ikabaki imechomekwa dukani. Kila siku anajaribu. Kila siku jibu moja: huna ruhusa.

Na kompyuta hatukuizima tangu alipolazwa. Aliacha kadi ya harusi ya mteja nusu, kamstari kanawakawaka pale alipoishia.

"Asizime mtu," dada alisema. "Akirudi aikute alivyoiacha."

Hata baada ya kuzika, iliwaka. Nikikaa pale peke yangu, vinyweleo vinasimama.

Juzi umeme ukakatika. Kadi ikapotea. Dada akalia upya, kama siku ya msiba.

Umeme uliporudi, nikaiwasha na kuingia kwenye akaunti ileile ya duka. Dirisha likajitokeza. Flash imefunguka.

"Umefanya nini?"

"Sijagusa kitu, dada."

Faili moja la sauti. Kwanza kikohozi chake, halafu yeye.

"Mama watoto, nimeiruhusu akaunti ya duka ifungue flash bila mimi. Mkifunga leo mkaizima kama kawaida, kesho ikiwaka itakubali. Daktari kasema sina muda. Usoni nimeshindwa kukwambia. Ukishanisikia, njoo tuagane."

Dada alikuwa anaushika mkoba wake.

Zile siku zote kitandani, mumewe alikuwa anamsubiri aje waagane.

Ndugu zangu, mtu wenu akilazwa, msisimamishe kila kitu kwa kumpenda. Fungeni duka kama alivyozoea. Zimeni kompyuta.