Springi za Kilo Themanini

Laban alikuwa mlinzi wa geti kwenye jengo moja la maofisi mjini Doha, na yeyote aliyemwona kazini, kimya, kofia imekaa sawasawa, asingejua kwamba kichwani mwa mtu yule hamna kitu ila baiskeli. Kila Ijumaa aliyopata mapumziko, kabla ya ibada kanisani Mesaimeer, yeye na Tony walitoka kambi yao ya wafanyakazi Al Rayyan alfajiri wakakanyaga pedali mpaka Lusail, kule ambako mji mzima ulikuwa ukichipuka kutoka mchangani. Lami hawakuitaka. Walipita njia za malori zenye mawe na makorongo, wakirushwarushwa na kupiga kelele za furaha ambazo kambini wangeona haya kuzipiga.

Tony alikuwa Mjaluo mnene, na sauti yake ilitangulia mlangoni kabla hajaingia. Walikuwa wamelala chumba kimoja miaka mitano. Baiskeli ya Laban ilitokana naye pia, kwa namna fulani, maana Doha ndivyo ilivyo: anayeondoka hugawa, anayebaki hurithi. Laban alikuwa amerithi jiko la umeme, zulia, na redio isiyoshika stesheni. Injinia mmoja Mzungu alipokuwa akifunga virago, Tony ndiye aliyemnong'oneza: "Ile baiskeli ya milimani iombe sasa hivi, kesho utakuta Mnepali ameichukua."

Mwezi wa kwanza mwaka 2014, foku ya mbele ya baiskeli hiyo, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ikalia mlio mmoja wa kuudhi, ikazama na isiinuke tena. Walipoifungua wakakuta ndani ya kila mguu springi ndefu ya chuma. Moja imekatika vipande, ya pili imelegea kabisa.

Ingekuwa wakati mwingine, Laban angecheka. Lakini mkataba wa Tony ulikuwa umeisha, na wiki hiyo hiyo tiketi ikatoka. Tony alisema ataruka Jumamosi ya wiki iliyofuata, kurudi nyumbani moja kwa moja. Ijumaa ya katikati Laban alikuwa zamu. Ilibaki Ijumaa moja tu, ile ya mwisho, na Laban alijisikia vibaya kila alipofikiri kwamba wangeagana wakiwa wamekaa kitandani wanatazama simu.

Basi akaanza kuzunguka. Katika duka kubwa la baiskeli, kijana wa kaunta alibonyeza kompyuta, akatikisa kichwa, akasema foku ile iliacha kutengenezwa zamani na springi zake khalas, hakuna. Laban akauliza mtandaoni. Mtu mmoja wa Kanada alimjibu kwa upole mwingi kwamba hata yeye anazitafuta, na Laban akizipata tafadhali amkumbuke. Tony naye kila jioni alikuwa anauliza, "Zimepatikana?" na kila jioni Laban alikuwa anasema bado kidogo, ingawa hakukuwa na kidogo wala kikubwa.

Aliyemwokoa ni Zuberi, dereva kutoka Tanga aliyekuwa akipeleka vyuma Sanaiya, mtaa wa viwanda na magereji.

"Kaka, unahangaika bure," Zuberi alimwambia. "Sanaiya kuna mzee wa Kipakistani anakunja springi za malori. Za baiskeli zimshinde kwa nini? Lete hizo mbovu, twende."

Wakaenda. Mzee alizigeuza zile springi mkononi, akazipima urefu na upana, kisha akasema chuma cha kutumia kinategemea uzito wa mpandaji. Akamtazama Laban.

"Kam kilo, sadiq?" Kilo ngapi, rafiki?

"Thamanin," Laban akajibu bila kupepesa jicho. Themanini.

Mzee akamtazama juu mpaka chini. Zuberi naye akamtazama. "Themanini?" akauliza.

"Themanini."

Hapo mnapaswa kumwelewa. Waliposailiwa Nairobi kwa kazi ya ulinzi, mawakala walitaka wanaume wenye mwili. Laban, mwembamba tangu kuzaliwa, alikunywa maji mpaka tumbo likamuuma, akala kichana kizima cha ndizi alizokuwa akipewa na jamaa mmoja nyuma yake kwenye foleni, na mbele ya mizani akatamka themanini kwa sauti ya kijeshi. Karani alikuwa amechoka, akaandika alichosikia. Tangu siku hiyo Laban alikuwa na kilo themanini. Alizitaja kwa daktari, kwa bosi, hata nyumbani kwa mama yake. Siku ile Sanaiya hakudanganya hata kidogo. Alishasahau kwamba ni uongo.

Springi zikatoka Alhamisi, zinang'aa. Laban na Tony walizitia usiku ule ule, wakafunga, wakapaka grisi. Laban akapanda, akaegemea usukani kwa nguvu zote.

Foku haikutikisika.

Akaruka juu yake. Kimya. Ilikuwa kama kupanda ukuta.

"Ngoja kwanza," Tony alisema. "Fundi aliuliza uzito?"

"Aliuliza."

"Ukamwambia?"

Laban akainamia mnyororo kana kwamba una shida. "Themanini."

Tony akakaa chini sakafuni. Alicheka mpaka watu wa vyumba vya jirani wakagonga ukuta. "Themanini! Laban! Buda, hizo zilikuwa ndizi zangu!"

Laban hakucheka. "Nimeharibu Ijumaa yetu," alisema.

"Umeharibu nini? Toka hapo." Tony akainuka, akapanda, akakalisha ule mwili wake wote. Foku ikashuka polepole, ikapanda, ikatulia vizuri kabisa. "Umenitengenezea mimi. Wewe chukua yangu. Yangu ni laini, mimi nikiipanda inazama tu."

Alfajiri wakatoka hivyo, kila mmoja na baiskeli ya mwenzake. Baridi ilikuwa nzuri. Tony aliyavamia makorongo akiimba, na Laban nyuma yake alimfuata akicheka, na mara nyingine machozi yakimtoka, akiyasingizia upepo. Huko Lusail walishuka wakakaa juu ya bomba la zege, wakatazama kreni zikianza kazi.

"Sasa nikuambie kitu," Tony alisema, "usikasirike. Tiketi yangu ilikuwa ya Jumatatu iliyopita."

Laban akageuka.

"Niliomba ofisini waisogeze. Wakanuna, lakini wakaisogeza."

"Na Akinyi? Mkeo si amekungoja miaka miwili tangu likizo?"

"Alikasirika sana. Akaniuliza nangoja nini tena Doha. Nikamwambia nangoja springi." Tony alikuwa akitazama mbele tu, hakuthubutu kumtazama. "Akauliza springi za nini. Nikamwambia za Laban. Akasema, basi zingoje."