Fundi wa Nyumba ya Mbao

Kila asubuhi fundi alipiga hodi kabla ya kuingia, ingawa hakuna aliyeishi tena katika ile nyumba kongwe ya mbao mjini Markham, inayolindwa na sheria kama urithi. Bado nasikia mikono yake mikavu ikigonga nguzo moja moja, sikio karibu, akitafuta palipooza, huku mimi nikitembeza wageni. Siku msimamizi alipotaka nguzo nzima ya jikoni ing'olewe, fundi alimjibu kwa Kiswahili cha Bukavu, nami nikatafsiri: "Muulize, yeye akiumwa mguu, tutamuzika?" Akakata chini palipooza tu, akaunga mti mpya, na alama za shoka za mafundi wa kwanza zikabaki juu. Siku aliyostaafu aliniambia, "Mama Inès, wageni wakiuliza nilipounga, usiwaonyeshe. Waache watafute."