Wali wa Bugarama na Mkanda wa Tumboni

Kabla ya kuwekwa mkanda, mwili wangu ulikuwa sehemu ya biashara. Nauza vitenge sokoni Kamembe, na mwanamke mnene aliyejifunga kitenge kizuri hahitaji maneno mengi: maua yote yanaonekana, hakuna ua lililokunjwa. Wateja waliovuka daraja la mpakani kutoka Bukavu, upande wa Kongo, walininyooshea kidole, "Nipe sawa ile uko navaa," nami nikataja bei bila kupepesa. Mtu mwenye mwili anaaminika. Watu hujiambia, huyu anakula na anashiba, hana haja ya kuniuzia kitu kibovu.

Shida ilikuwa magoti, na sukari, na vilima. Kamembe kila unakokwenda ama unapanda ama unashuka, na mimi nilikuwa nimefika mahali pa kuchagua wateja kwa mteremko. Daktari mmoja wa Kigali akanieleza jambo la mkanda. Ni pete laini ya mpira, inafungwa karibu na mdomo wa tumbo, hadi juu yake kunabaki kifuko kidogo. Chakula kinaingia kwenye kifuko, kisha kinapenya chini polepole kupitia njia nyembamba. Chini ya ngozi, karibu na mbavu, wanapachika kidude kama kifungo cha koti. Hapo ndipo daktari anapochoma sindano: akiongeza maji mkanda unakaza, akiyatoa unalegea.

Nilimwuliza kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza mtu anakuambia anavyotaka kukuuzia, mara ya pili anakuambia kilivyo. Mara ya pili akasema, "Maman, mkanda haukupunguzi. Unakuzuia tu. Kupungua ni kazi yako." Nikaona huyu si mwongo sana, nikakubali.

Nikirudi nyumbani kwa basi baada ya operesheni, kupitia msitu wa njiani wenye kona zisizokwisha, nilitapika mara tatu kama abiria wengine, na wao hawakuwa na mkanda. Baada ya hapo nilianza maisha ya mtoto mchanga: supu iliyochujwa, uji mwepesi, kisha viazi vilivyopondwa. Nilipofika kwenye chakula cha watu wazima ndipo nilipouelewa mkanda wenyewe. Ni kama mpaka wetu pale darajani. Kila mmoja anapita kwa zamu yake, na mwenye haraka anarudishwa. Nyama usipoitafuna hadi ipoteze jina, inarudishwa. Mkate laini unajikusanya kuwa donge na kukaa njiani. Wali ndio mjanja kuliko vyote: unaingia kwa adabu, punje punje, halafu ukinywa kitu juu yake unavimba na kuziba njia. Hapo kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni bila mwisho, na unatafuta mahali pa faragha.

Walioujua ukweli walikuwa mume wangu na kijana wetu mkubwa tu. Mume wangu ndiye aliyesema tunyamaze. "Bantu banatafuta chakula asubuhi mpaka jioni," aliniambia, "siye tunalipa muganga azuie chakula isiingie. Utabaeleza namna gani?" Kwa hiyo nilipoanza kukonda nikasema ni vidonda vya tumbo. Sokoni hawakuamini. Wengine waliniangalia kwa huruma ile ya watu waliokwisha kukupangia ugonjwa. Wengine waliona biashara yangu inakufa, wakaanza kunitajia bei ya kutupa kama wanaokota vitu kwenye nyumba iliyoungua. Nilijifunza kukataa kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa mwili haukunisaidia tena.

Basi ndivyo nilivyokuwa wakati yule kijana wetu mkubwa, fundi wa pikipiki, alipotuambia amepata mchumba Bugarama. Binti wa familia ya Kiislamu kama sisi, wakulima wa mpunga. Baba yake alikwisha kufariki, na nyumba ilishikwa na mama yake. Kabla ya wanaume kwenda kuposa rasmi, akina mama hutangulia kusalimiana, wapimane. Nikaenda na dada yangu mkubwa. Dada yangu hakujua habari ya mkanda. Kumwambia dada yangu jambo ni sawa na kulitangaza mnarani.

Bugarama ni bondeni, kuna joto, na watu wake wanajivunia mchele kuliko kitu kingine. Mama wa binti alitupokea vizuri. Ni mwembamba, mwenye macho ya kupima, na nilimpenda mara moja kwa sababu alinishika kitenge kwa vidole viwili na kusema, "Hii si ya bei rahisi," bila kuuliza. Chakula kikaletwa: sahani kubwa ya wali, mbuzi, na mchuzi. Kama ilivyo desturi kwetu, mwenye nyumba alitangulia kuonja kila kitu mbele yetu. Sehemu zetu hizi, hofu ya sumu, ile tunayoiita karuho, inaingia ndani ya nyumba kabla ya mgeni. Kuonja ni kusema: angalia, ni salama. Na mgeni anajibu kwa kula. Asiyekula amejibu pia.

Nilipanga kula kijiko kimoja kimoja na kuongea sana katikati. Lakini mama yule alikuwa akinitazama. "Maman, kula. Ni muchele yetu, ya shamba yetu." Nikaongeza. "Haupende nyama?" Nikachukua nyama. Wiki chache kabla ya hapo daktari alikuwa amekaza mkanda, nami nilijua, lakini kuna macho ambayo mtu hawezi kuyakatalia kijiko cha pili. Kisha akanifungulia soda, akasimama nayo mkononi mpaka nikanywa.

Punde kifua kikafunga. Nilisema naenda kunawa, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikainama karibu na migomba. Kilichokaa njiani kilirudishwa, pamoja na povu la mate. Hakuna maumivu makubwa, ni jambo la kawaida kwangu, ningejifuta na kurudi kukaa. Lakini dada yangu alikuwa amenifuata. Akaniona nimeinama, mate yananing'inia. Akageuka kuelekea ukumbini, ambako majirani wawili walikuwa wamekuja kutusalimia, akasema kwa sauti yake ileile:

"Mutuletee maziwa. Mbio."

Kwa msomaji wa mbali, maziwa ni maziwa. Kwetu, mtu akitapika baada ya kula nyumbani mwa watu, halafu ndugu yake akaomba maziwa, maana yake ni moja: mmetulisha sumu, tunajaribu kuizimua. Mama wa binti aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa, akakiweka mezani mbele ya dada yangu. Tulirudi Kamembe bila kupewa siku ya kuja kuposa.

Njiani nilimwambia dada yangu kwamba ni vidonda vya tumbo. "Bidonda habilete mate sawa ile," alinijibu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa sahihi.

Wiki haikuisha ujumbe ukaja kwa kijana wangu kupitia binti mwenyewe. Mama amesema: watu wanaotuona wachawi wasichukue mtoto wetu, nao watoto wao wasile kwetu. Nilidhani ni hasira, itapoa. Kijana wangu akaniambia lililobaki. Majirani wale wawili walikuwa wamelibeba neno hadi mashambani. Watu wameacha kunywa hata maji nyumbani kwa yule mama. Binti analia, si juu ya harusi tu.

Sasa hapo nikaona ukubwa wake. Kuposa kunaweza kuahirishwa. Jina la kulisha watu sumu haliahirishwi. Mwanamke mjane anazeeka nalo, na binti zake wanaposwa nalo, au hawaposwi.

Hata hivyo nilijaribu njia ya mkato kwanza. Nilimpigia daktari simu. Mpango wangu ulikuwa alegeze mkanda, nirudi Bugarama, nile sahani nzima mbele ya kila mtu, halafu anikazie tena.

"Kwa nini unataka kuulegeza?" akauliza.

"Nimealikwa."

"Maman, mkanda haulegezwi kwa ajili ya mwaliko."

"Kidogo tu. Nusu."

"Hatuko sokoni."

"Kila mahali ni soko, Docteur."

Akacheka, lakini hakushuka. Nikamsimulia yaliyotokea, akasema wali ulinishinda kwa sababu nilikula haraka na kunywa juu yake, na nikila polepole naweza kula kwa mtu yeyote, mradi mtu huyo awe na subira. Nilikata simu nikiwa sijapata hata robo.

Nikaenda Bugarama peke yangu. Mama wa binti alinikuta mlangoni. Alisema karibu, kwa kuwa dini inamlazimu, lakini alibaki amesimama.

"Nimekuja kukuonyesha kitu," nikamwambia, nikamwomba tuingie chumbani. Huko nikafungua kitenge na kuinua blauzi. Makovu yangu ni madogo, yanafanana na mikato ya mtoto aliyecheza na wembe. Nikauchukua mkono wake nikauweka penye kile kifungo chini ya ngozi. Akakibonyeza kwa kidole kilichokomaa kwa mpunga, akakibonyeza tena.

"Ni nini?"

Nikamweleza yote: pete, kifuko, sindano, maji. Alisikiliza bila kupepesa.

"Iko inatembea?"

"Hapana. Imeshonwa."

"Na ukikufa, banakuzika nayo?"

"Sikuuliza."

"Weye? Haukuuliza?" Akaketi kitandani. "Juu ya nini haukusema ile siku?"

"Ungekuwa weye ungesema?"

Akafikiri. "Miye ningekula kwangu mbele ya kuja."

Nikamwambia samahani, na kwamba dada yangu hakujua, na kwamba ninamwomba neno hili libaki kati yetu wawili. Hapo ndipo alipocheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Ibaki siye babili? Maziwa muliomba mbele ya bantu. Muke ya ndugu yangu alikuja juzi kuniangalia, alikuja na chupa yake ya maji. Alikunywa maji yake mu nyumba yangu, mbele yangu. Na weye unaniambia mu chumba, mulango umefungwa." Akasimama. "Utakula. Inje, mbele ya njia, saa bantu banatoka mashamba. Na bakiuliza, utabaambia na kinywa yako."

Nilijaribu kupunguza. Nikasema nitakula nje lakini habari ya mkanda tuiite operesheni tu, operesheni ya tumbo. Akatikisa kichwa. Nikasema basi tuwaite wale majirani wawili peke yao. Akatikisa tena. Nimekaa sokoni miaka mingi, namjua mtu aliyefika kwenye bei yake ya mwisho. Hapandishi sauti.

Akatoa kiti na meza ndogo hadi kando ya njia. Akapika upya. Akaleta sahani, akaonja wali, akaonja nyama, akanikabidhi kijiko. Watu walikuwa wameanza kupita na majembe, matope yamefika magotini. Nikala. Punje chache, natafuna, nangoja. Nyama kidogo kama ukucha, natafuna, nangoja. Soda hakuniletea. Watu walianza kupunguza mwendo.

Mzee mmoja akasimama. Akamsalimia mwenye nyumba, akanitazama mimi, akatazama sahani.

"Si ni ule maman wa maziwa?"

"Ni miye, Mzee," nikasema. Nikameza nilichokuwa nacho kwanza, kwa kuwa hilo halina njia ya mkato. Halafu nikamwambia: nilikuwa mnene, magoti yalinishinda, nimefungwa mkanda tumboni na daktari, nikila haraka chakula kinarudi. Chakula cha mama huyu hakikuwa na neno. Kosa lilikuwa la haraka yangu.

"Banakufunga tumbo sawa gunia?"

"Sawa gunia, Mzee. Kamba iko ndani."

Akatafakari. "Na ulilipa?"

"Nililipa."

Akatikisa kichwa, akaenda zake, na nilimwona akisimama na kila aliyekutana naye. Baada yake sikuhitaji kuwaita watu. Wanawake walikuja na watoto mgongoni. Mmoja alitaka kuona kovu, nikamwonyesha juujuu. Mwingine aliuliza kile ninachoacha anakula nani, nikamwambia mume wangu, naye ndiye anayenenepa sasa. Mmoja akaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, hospitali ni ipi. Wale majirani wawili walikuja mwisho na kusimama mbali kidogo. Mwenye nyumba aliwatazama mpaka wakasogea. Mmoja wao akaomba maji ya kunywa. Aliletewa, akayanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

Wali wangu ulikuwa umepoa kabisa. Mama wa binti akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa meza, akaanza kula kutoka sahani ileile, haraka, kama mtu aliyekuwa na njaa tangu asubuhi. Alipofika kwenye upande wangu akasimamisha kijiko, akakijaza, akakiweka mbele yangu.

"Hii ya mwisho."

"Nusu," nikasema.

"Yote. Uko na mutoto unataka kuoesha."

"Nusu, na wanaume wetu waje mwezi huu."

Akanitazama, akakitazama kijiko. Akamwaga nusu.

"Mwezi kesho," akasema. "Sasa tuko navuna."

Nikaichukua ile nusu, nikaanza kuitafuna, na yeye akangoja.