Nilivyompigia Mkuu Mpya Wimbo wa Msiba

Nimekosea, sawa, ila mjinga siitwi. Jarida la shule yetu mtandaoni nalitengeneza mimi, na Deus wa Kidato cha Tatu anangoja niharibu tu apewe yeye.

Kila toleo nakopi ukurasa wa toleo lililopita, nabadilisha maneno na picha, basi. Lililopita lilikuwa la msiba wa mpishi wetu, nikaliwekea wimbo wa kwaya unaoanza wenyewe ukurasa ukifunguka. Kompyuta yetu haina spika. Kwa hiyo nilipoandaa toleo la kumkaribisha mkuu mpya, sikusikia kitu.

Siku ya kulizindua walimu wakaazima spika za kanisa la Katandala. Picha ya mkuu ikatokea ukutani, anatabasamu. Kwaya ikaanza kumlilia marehemu. Ukumbi mzima ukasimama, vichwa chini. Mkuu naye akasimama.

"Jamani, nani amefariki?" akauliza.

Deus akanyoosha mkono kwenye mausi ya kompyuta. "Sogea, dada, umeshindwa."

Nikamgeukia mkuu. "Hakuna aliyefariki, madam. Wimbo ni wa toleo lililopita, nimeusahau mimi. Deus, toa mkono. Nauzima mwenyewe."